Shirikisho la mpira wa kikapu: tufuate mfano wa Marekani, Ufaransa au Hispania?

Mechi ikiisha, wachezaji wakiwa bado wanapeana mikono, mwandishi wa meza anabaki na kazi yake ya mwisho. Anapiga mistari kwenye nafasi zilizobaki wazi, anajumlisha pointi za kila robo, anawapa waamuzi fomu waisaini, kisha anatenganisha nakala. Fomu ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilipangwa iwe na karatasi nne za rangi nne: nyeupe ni ya FIBA, ya bluu ni ya mwenye mashindano, ya waridi ni ya timu iliyoshinda na ya njano ni ya timu iliyoshindwa. Nimekaa kwenye meza hiyo miaka mingi, na karatasi inayonifikirisha ni ile ya bluu. Mwenye mashindano ni nani hasa? Shirikisho? Kampuni ya ligi? Klabu zenyewe zilizoungana?

Majibu ya swali hilo ndiyo yanayotofautisha mashirikisho ya kikapu duniani. Ndilo pia swali ambalo mjumbe anayekwenda mkutano mkuu kupigia kura katiba mpya anapaswa kwenda nalo. Mara nyingi rasimu inagawiwa usiku wa kuamkia mkutano, na siku nzima inaishia kwenye mihula ya uongozi na sifa za wagombea. Hayo yana uzito wake, lakini ukimaliza kuyajadili bado hujajua shirikisho lako litafanya kazi gani. Kwa hiyo naweka hapa mifano mitatu ubavu kwa ubavu: Marekani, ambako shirikisho ni mratibu, Ufaransa, ambako shirikisho limekasimiwa mamlaka na dola, na Hispania, ambako ligi ya kulipwa ilijitenga ikawa na uongozi wake. Baadaye nitapita Japani, kwa sababu pale kosa lilionekana wazi na marekebisho yake pia, halafu Nigeria.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime njiani. Ligi ya juu inaweza kuachiwa wengine, kwa mkataba ulioandikwa na kusainiwa. Watoto, waamuzi na makocha wasiachiwe mtu, ila pale tu ambapo kuna mwingine aliyekwisha kuwabeba na ana nguvu ya kuendelea kuwabeba.

Yaliyo sawa kila mahali

FIBA ilianzishwa Geneva mwezi Juni 1932 na mashirikisho ya nchi nane: Argentina, Czechoslovakia, Italia, Latvia, Romania, Ugiriki, Ureno na Uswisi. Leo ina mashirikisho wanachama 212, na makao yake yako Mies, Uswisi. Kanuni yake ya msingi ni kwamba nchi moja ina shirikisho moja. Chama chenye kutambuliwa na FIBA ndicho kinachounda timu ya taifa, ndicho kinachosimamia kanuni za mchezo nchini, na ndicho kinachosaini barua ya kumruhusu mchezaji kwenda kuchezea klabu ya nchi nyingine.

Hiyo barua watu wanaichukulia kirahisi mpaka siku wanapoihitaji. Shirikisho la nchi anayotoka mchezaji linathibitisha kwamba yuko huru. Bila uthibitisho huo, shirikisho la nchi anayokwenda haliwezi kumpa leseni. Kwa aliye chini ya miaka 18 uhamisho wa kimataifa umekatazwa, isipokuwa kwa hali maalumu zinazochunguzwa moja moja. Niliwahi kumfahamu kijana mmoja, mlinzi anayetumia mkono wa kushoto, mwenye pasi ambazo wenzake walikuwa wanazipokea kabla hawajajua zimetoka wapi. Alipata klabu nje. Wakati huohuo chama kilichopaswa kusaini barua yake kilikuwa na makatibu wakuu wawili, kila mmoja akidai kuwa mhuri wa mwenzake ni batili. Alikaa nusu msimu akifanya mazoezi na timu asiyoruhusiwa kuichezea. Nilipokuja kuisoma katiba ya chama kile nikakuta kipengele cha uhamisho kina mstari mmoja tu, na mstari wenyewe hausemi nani anasaini wala ndani ya siku ngapi.

Hata kabla hujachagua mfano wa nchi yoyote, basi, tafuta kipengele hicho. Mifano yote mitatu inakihitaji kwa kiasi kilekile.

Marekani: shirikisho jembamba

Watu wengi wakisikia kikapu cha Marekani wanafikiria NBA, wanadhani ndiyo inayoendesha kila kitu. Shirikisho la nchi ni USA Basketball, lenye makao Colorado Springs, na halimiliki NBA. Haliendeshi mashindano ya vyuo vikuu, ambayo ni ya NCAA, wala ya shule za sekondari. Hata kanuni hazifanani: NBA hucheza dakika 48, FIBA 40, na vyuo vina kitabu chao. Vyombo hivyo vinaingia kwenye shirikisho kama wanachama na kushiriki maamuzi. Shirikisho lenyewe linachagua timu za taifa za rika zote, linaziandaa, linawakilisha nchi mbele ya FIBA na linatoa leseni kwa makocha wa vijana.

Hali hiyo ilitokana na ugomvi. Kwa miongo kadhaa uanachama wa FIBA ulikuwa mikononi mwa AAU, chama cha michezo ya ridhaa, wakati wachezaji wazuri walikuwa vyuoni chini ya NCAA. Mmoja alikuwa na mhuri, mwingine alikuwa na wachezaji, na hawakupikika chungu kimoja. Mwaka 1974 kikaundwa chombo kipya, na FIBA ikakitambua. Mwaka 1978 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoweka utaratibu wa kila mchezo wa Olimpiki kuwa na chombo kimoja kinachotambuliwa. Jina la USA Basketball lilikuja Oktoba 1989, miezi michache baada ya wanachama wa FIBA kukutana Munich na kupiga kura kuwafungulia mlango wachezaji wa NBA.

Uzuri wa mfano huu ni wepesi wake. Shirikisho halina mzigo wa kuendesha ligi ya kitaifa, halilipi posho za waamuzi wa maelfu ya mechi, halitafuti viwanja. Udhaifu wake ni kwamba linaomba kila kitu. Mwaka 2002 timu ya wanaume ilimaliza ya sita kwenye mashindano ya dunia yaliyochezwa Indianapolis, nyumbani kwao. Mwaka 2004 Athens ikapoteza mechi tatu na kurudi na shaba. Mwaka 2005 shirikisho likamkabidhi Jerry Colangelo, aliyewahi kumiliki klabu ya NBA, timu ya wanaume, na yeye akabadili namna ya kuomba: badala ya kupiga simu kila majira ya joto kutafuta nani yuko tayari, akataka wachezaji waahidi miaka kadhaa kwa mkupuo, chini ya kocha mmoja, Mike Krzyzewski. Mwaka 2006 bado wakapata shaba. Kuanzia Beijing 2008 hadi Paris 2024 wakachukua dhahabu tano za Olimpiki mfululizo.

Wanawake hawakuhitaji kuokolewa. Wametwaa dhahabu nane mfululizo tangu 1996, ya mwisho kwa tofauti ya pointi moja, 67 kwa 66, dhidi ya Ufaransa.

Hata hivyo tazama Kombe la Dunia la wanaume: nafasi ya saba 2019, nafasi ya nne 2023. Mashindano yale nyota wengi huyakataa, na shirikisho halina namna ya kuwashurutisha. Ikiwa nchi yenye wachezaji bora wengi kuliko nyingine yoyote inayumba namna hiyo pale wadau wanapokosa hamu, nchi yenye wachezaji wachache ijiulize mara mbili.

Naona watu wakiupenda mfano huu kwa sababu unaonekana wa kisasa na wa gharama ndogo. Gharama haikupungua, imebebwa na wengine. Shule na vyuo ndivyo vinavyojenga viwanja, vinaajiri makocha na kulipa usafiri. Ukichukua ofisi nyembamba ya USA Basketball ukaiweka mahali ambapo shule hazina ligi, utakuwa na timu ya taifa isiyo na mahali pa kutoka.

Ufaransa: mamlaka yaliyokasimiwa

Shirikisho la Ufaransa, FFBB, lilianzishwa 1932. Nguvu yake inatoka kwenye sheria. Nchini humo wizara inayohusika na michezo hukasimu mamlaka kwa shirikisho moja kwa kila mchezo, na aliyekasimiwa ndiye peke yake mwenye haki ya kuandaa mashindano yanayotoa ubingwa wa taifa na mikoa, na kuteua timu za taifa. Kwa kulipia heshima hiyo, shirikisho linabeba jukumu la huduma kwa umma: linapaswa kuufikisha mchezo kwa watu wote, pamoja na wale ambao hawatakuja kuliingizia senti. Dola nayo huweka mkono wake upande wa ufundi, kwa kuwalipa wataalamu wanaofanya kazi ndani ya shirikisho.

Leseni ndiyo uti wa mgongo. Mtoto wa miaka minane anayecheza kikapu kidogo kwenye klabu ya kijijini ana leseni ya shirikisho lilelile linalompa leseni mchezaji wa kulipwa. Hao wenye leseni ni zaidi ya laki sita. Faida yake si ada peke yake. Shirikisho linajua watoto wangapi wa kike wa miaka kumi wako katika mkoa gani, linajua wapi wanaacha kucheza wakifika miaka kumi na minne, na linajua wapi pa kupeleka kocha. Shirikisho lisilo na daftari kama hilo linafanya mipango kwa kukisia.

Waamuzi wamefungwa kwenye mfumo huohuo. Klabu inayosajili timu inawajibika kuleta na waamuzi, na ikishindwa inaadhibiwa. Kanuni hiyo nikiisoma huwa natamani ingekuwa kila mahali, kwa sababu nimeona mechi za vijana zikichezeshwa na kocha wa timu ya nyumbani aliyevua fulana yake ya klabu na kuvaa ya mistari. Huwezi kumlaumu, hakuna mwingine. Lakini watoto wa timu ngeni wanarudi nyumbani wakiamini mchezo wenyewe umeuzwa.

Kuhusu ligi, Ufaransa ina majibu mawili ndani ya nchi moja, na hapo ndipo panaponifurahisha zaidi. Ligi ya kulipwa ya wanaume iko chini ya LNB, chombo kilichoundwa 1987 ambacho kinafanya kazi kwa mamlaka kiliyopewa na shirikisho. Ligi kuu ya wanawake inaendeshwa na shirikisho lenyewe. Hakuna aliyelazimisha mambo yafanane. Upande ambao ulikuwa na fedha za kujisimamia ukapewa nafasi ya kujisimamia kwa makubaliano. Upande ambao soko lilikuwa bado dogo ukabaki mikononi mwa shirikisho, na matunda yake yameonekana. Wanawake wa Ufaransa walichukua fedha ya Olimpiki London 2012, shaba Tokyo na fedha tena Paris 2024.

Kisha kuna INSEP, kituo cha taifa kilichopo kwenye msitu wa Vincennes, Paris, ambako shirikisho huwaweka vijana wake bora. Tony Parker na Boris Diaw, waliokuja kucheza NBA, walipita hapo wakiwa pamoja. Timu ya kituo hicho huingizwa kwenye ligi ya daraja la chini kupambana na watu wazima, wanaume wenye vifua na viwiko, na vijana wanapigwa huku wakijifunza. Ni jambo ambalo klabu ya kulipwa haiwezi kulifanya kwa sababu klabu inaishi kwa ushindi wa wiki hii. Shirikisho linaweza kungoja miaka sita.

Ubaya upo. Mfumo huu ni mzito, una ngazi za wilaya na mikoa, na uamuzi mdogo unaweza kuzunguka mezani muda mrefu. Zaidi ya hapo, unategemea dola inayolipa bila kutaka kuchagua kikosi. Hapo ndipo wengine hujikwaa, na nitarudi kwenye hilo.

Hispania: ligi yenye nyumba yake

Shirikisho la Hispania, FEB, ni la 1923, kongwe kuliko FIBA yenyewe. Ligi ya juu ilikuwa yake hadi klabu zilipoungana mwaka 1982 kuunda ACB, na kuanzia msimu wa 1983–84 ligi ikawa ya klabu. Shirikisho lilibaki na timu za taifa na madaraja ya chini.

Kibiashara klabu zilijua zinachofanya. Ligi hiyo imekuwa miongoni mwa ligi bora kabisa nje ya NBA. Lakini mpaka kati ya nyumba hizi mbili ndipo watu walipoumia. Bingwa wa daraja la pili, chini ya shirikisho, anapanda kwenda kwenye ligi isiyo ya shirikisho, na ligi ile ina masharti yake ya fedha. Timu ya Burgos ilipata haki ya kupanda uwanjani zaidi ya mara moja katika miaka ya 2010 na ikabaki chini kwa kushindwa masharti ya kuingia. Wachezaji walikata nyavu, mashabiki wakaimba, kisha wahasibu wakafunga mlango. Mwaka 2017 mamlaka ya ushindani ya Hispania iliipiga ACB faini kwa sababu ya masharti hayo. Mtu anayeandika katiba leo asingoje mamlaka ya ushindani imfanyie kazi: kipengele cha kupanda na kushuka daraja kiandikwe na pande zote mbili kabla ligi haijaondoka nyumbani.

Kuna fundisho jingine, la mwaka 2016. FIBA na waendeshaji wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, walipogombana kuhusu mashindano ya klabu barani, upande wa FIBA wa Ulaya ulifikia kutishia kuziondoa kwenye mashindano timu za taifa za nchi ambazo ligi au klabu zake ziliegemea upande ule mwingine, Hispania ikiwamo. Shirikisho likawa linatishwa kwa uamuzi wa ligi lisiyoiendesha. Na mechi za kufuzu Kombe la Dunia zilipoanza kuchezwa katikati ya msimu, kuanzia Novemba 2017, klabu za EuroLeague hazikuwaachia wachezaji wao. Hispania ilifuzu kwa kuwatumia wachezaji ambao wengi wao hawakuwahi kuota kuvaa jezi ya taifa. Mwaka 2019 nchi hiyo ikawa bingwa wa dunia. Nikiwakumbuka wale waliocheza mechi za baridi za kufuzu kisha wakaangalia fainali kwenye televisheni, naona ndio waliolishikilia shirikisho lisianguke.

Wajerumani nao wana ligi inayojitegemea, lakini wameutia mfano huu kiungo. Ligi na shirikisho lao, DBB, vilishirikiana kuanzisha ligi ya taifa ya vijana mwaka 2006, na tangu 2012 ligi ya juu imetaka nusu ya wachezaji kumi na wawili kwenye orodha ya mechi wawe Wajerumani. Mwaka 2023 Ujerumani iliifunga Serbia 83 kwa 77 jijini Manila ikawa bingwa wa dunia, na mwaka 2025 ikachukua ubingwa wa Ulaya. Sitasema kanuni moja ndiyo iliyoleta makombe mawili. Nasema tu kwamba waliiachia ligi iende zake huku wakikubaliana kwa maandishi kuhusu watoto.

Japani, au nini hutokea pasipo makubaliano

Kabla ya mwaka 2016 Japani ilikuwa na ligi mbili za wanaume zilizopeana mgongo. Moja ilitokana na timu za makampuni makubwa, ikiwa karibu na shirikisho. Nyingine, bj league, ilizaliwa 2005 baada ya klabu kujitoa zikitaka uendeshaji wa kibiashara. Kila moja ilikuwa na bingwa wake. Shirikisho lilizungumza, likaunda kamati, likazungumza tena. FIBA ikaonya kwa miaka kadhaa, na Novemba 2014 ikalifungia shirikisho la Japani.

Maana yake ni kwamba hata wanawake, ambao hawakuwa na ugomvi wowote, walikuwa hatarini kukosa mashindano ya Asia ya 2015 yaliyokuwa njia ya kwenda Olimpiki ya Rio. Hilo ndilo huwa linaniuma kila nikisoma habari za vyama kufungiwa: adhabu inaangukia kwanza kwa wasiokuwemo.

FIBA ilimweka Saburo Kawabuchi kuongoza kikosi kazi. Huyu si mtu wa kikapu. Ndiye aliyeijenga ligi ya kulipwa ya soka ya Japani. Aliwaita wenye klabu, akaweka sharti ambalo halikuwa na maneno mengi: timu ya daraja la kwanza iwe na ukumbi wa watu 5,000. Ghafla mabishano ya nani alimsaliti nani mwaka 2005 yakageuka kuwa maswali ya nani ana ukumbi. Kufikia katikati ya 2015 kifungo kilikuwa kimeondolewa. Wanawake wakaenda, wakatwaa ubingwa wa Asia. Septemba 2016 B.League ikaanza, timu 18 daraja la kwanza na 18 la pili. Miaka mitano baadaye wanawake wa Japani walicheza fainali ya Olimpiki nyumbani kwao.

Muundo waliofikia wakati huo ulifanana na wa Kijerumani: ligi ilikuwa na uongozi wake, shirikisho lake, na ngazi ya kutoka daraja hadi daraja ilikuwa moja. Tofauti ni kwamba walifika hapo baada ya kufungiwa.

Mkono wa serikali

Mei 2022 serikali ya Nigeria ilitangaza kuiondoa nchi kwenye mashindano ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili, kwa sababu ya mgogoro wa uongozi ndani ya shirikisho. Nia ilielezwa kuwa ni kusafisha nyumba. Wiki chache baadaye, Juni, uamuzi ukabatilishwa, lakini FIBA ilikuwa imekwisha kuiondoa timu ya wanawake, D'Tigress, kwenye Kombe la Dunia la Sydney na kuipa Mali nafasi hiyo. Timu ya Nigeria ilikuwa imefuzu uwanjani miezi michache tu kabla. Ni timu hiyohiyo ambayo Paris 2024 ikawa ya kwanza ya Afrika, kwa wanaume na wanawake, kufika robo fainali ya kikapu kwenye Olimpiki. Walionyang'anywa mashindano ya 2022 hawatarudishiwa.

Ufilipino nayo, nchi inayokipenda kikapu kwa moyo wote, iliandaa michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia mwaka 2005 bila kikapu kuchezwa, kwa sababu shirikisho lake lilikuwa limefungiwa kufuatia mvutano na kamati ya Olimpiki ya nchi. Suluhisho, chombo kipya kilichounganisha pande, lilipatikana 2007.

Sasa linganisha na Ufaransa, ambako serikali imo ndani zaidi: inatoa mamlaka, inalipa watu. Kwa nini kule FIBA hailalamiki? Kwa sababu mipaka imeandikwa kabla ya ugomvi. Serikali inaweza kudai hesabu za fedha ilizotoa na inaweza kuondoa mamlaka kwa utaratibu wa sheria, lakini wanaomchagua rais wa shirikisho ni klabu. Rasimu ya katiba inayompa waziri haki ya kuteua wajumbe wa kamati tendaji, hata wawili tu, ni ya kukataa.

Sudan Kusini ni hali ya pekee, nami naitaja kwa heshima. Iliingia FIBA 2013. Rais wa shirikisho, Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA, aliibeba timu kwa jina lake na kwa mfuko wake pia. Mwaka 2023 ikawa timu bora ya Afrika kwenye Kombe la Dunia, na Paris 2024 ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Ni kazi kubwa. Lakini mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kura ya mkutano mkuu, na katiba inaandikwa kwa ajili ya miaka ambayo hatakuwepo.

Uchague upi?

Kama shule na vyuo vyenu tayari vina ligi zinazochezwa msimu mzima, vyenye makocha wanaolipwa, fuateni Marekani. Waingizeni wenye ligi hizo kwenye bodi, wapeni kura, halafu shirikisho lishughulikie timu za taifa na leseni za makocha. Msijaribu kuwanyang'anya mashindano yao. Historia ya AAU na NCAA inaonyesha mtapoteza miaka.

Kama kuna klabu chache zenye fedha na wadhamini, nyingine zote zikiishi kwa michango ya wazazi, mfano wa Hispania utawavutia wale wachache, nao watakuja na hoja nzuri. Wakubalieni, kwa sharti la kuandikiana kama Wajerumani: kupanda na kushuka daraja kuandikwe, kuwaachia wachezaji kwa mechi za taifa kuandikwe, timu za vijana ziwe sharti la kupata leseni ya ligi, na mkataba uwe na tarehe ya kwisha. Mkataba usio na tarehe ya kwisha ni kugawa mali.

Na kama hakuna shule zenye ligi wala klabu zenye fedha, ambayo ndiyo hali ya nchi nyingi wanachama wa FIBA, basi shirikisho halina wa kumwachia. Chukueni Ufaransa, hata kwa udogo. Anzeni na daftari la leseni la watoto wote, hata likiwa la kuandikwa kwa mkono. Kisha kanuni ya waamuzi: timu mbili zilizosajiliwa, mwamuzi mmoja aliyefunzwa. Ligi ya wanawake ibaki chini ya shirikisho mpaka itakapopata wa kuilipia kwa hakika. Ligi ya wanaume inaweza kutoka mapema zaidi. Kituo cha vijana kinaweza kungoja. Kikianzishwa kabla ya daftari, kitajazwa watoto wa wanaojuana na viongozi.

Mkutanoni, ombeni kipengele cha mashindano kisomwe kabla ya vipengele vya uchaguzi. Asubuhi wajumbe wanasikiliza, wana kalamu mikononi. Baada ya chakula cha mchana kila mtu anataka kura zihesabiwe. Kisomwe kwa sauti, na mtu asimame aulize: mechi ya fainali ya ligi ikiisha, karatasi ya bluu anapewa nani, na mechi ya watoto wa miaka kumi na miwili ikiisha, anapewa nani? Kama rasimu haina jibu kwa hiyo ya pili, irudishwe kwa walioiandika.